Miche ya asili inakufa Lubumbashi: soma dalili, chimba, ujue sababu

Mtu akipanda mti wa asili kama mutondo au musuku na mche ukakauka, wazo la kwanza ni maji, la pili ni mbolea. Kuzunguka Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Kongo, kosa mara nyingi haliko huko. Mche umewekwa kwenye ardhi isiyo yake, au umelelewa bila kuvu wa mizizi unaoutegemea, au moto wa Septemba umeupitia. Mbolea haiponyi hata moja kati ya hayo matatu, na fosfati nyingi inalizidisha la pili. Basi anza na jembe kabla ya kwenda dukani.

Chimba shimo kwanza

Chimba hadi sentimita 60. Tazama rangi ya udongo kutoka juu hadi chini, ufinyange kidogo mkononi, kisha inua macho uone miti ya zamani iliyobaki jirani. Majibu yake yanakuambia uko kwenye ardhi ipi, na kila ardhi ina miti yake.

Udongo mwekundu au wa manjano, wenye asidi (pH karibu na 5), mara nyingi una kokoto za laterite chini: hiyo ni ardhi ya miombo, na ndiyo iliyoenea zaidi katika Haut-Katanga. Inatawaliwa na Brachystegia (muputu, musamba), Julbernardia (mutondo) na Isoberlinia (mutobo). Kati yake utakuta mubanga, mulombwa, mupundu (Parinari curatellifolia), musuku (Uapaca kirkiana). Miti hii inavumilia udongo maskini na kiangazi cha kutoka Mei hadi Septemba. Haivumilii maji yaliyotuama, wala haipendi chokaa.

Udongo mwekundu wenye kina kirefu, usio na kokoto, penye mabaki ya miti mikubwa inayobaki na majani mwaka mzima: hapo palikuwa na muhulu, msitu mzito mkavu. Entandrophragma delevoyi na Parinari excelsa ni wa huko. Muhulu umebaki vipande vidogo, kwa kuwa kila moto unaula pembezoni. Miche yake inataka kivuli miaka ya mwanzo, na moto mmoja tu unaimaliza.

Udongo mweusi kando ya kijito kisichokauka ni wa mushitu, msitu wa kando ya maji. Hapo Syzygium cordatum anajisikia nyumbani, na miti ya miombo inaoza mizizi.

Udongo wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu ni dembo, bonde la nyasi linalolowa maji miezi ya mvua. Madoa hayo ni chuma kilichozama majini miezi ya mvua na kupata hewa kiangazi. Nyasi za dembo zina sababu ya kutokuwa na miti juu yake.

Halafu kuna vichuguu. Vile vikubwa vya Lubumbashi ni kazi ya mchwa Macrotermes falciger. Vinaweza kufika mita 8 kwenda juu na mita 15 kwa upana. Udongo wake ni mfinyanzi wenye kalsiamu nyingi, na pH inapanda hadi 7 na zaidi. Ukipanda juu ya kichuguu huko ni kama umehamia nchi nyingine, hata kama mita kumi kutoka hapo ni miombo.

Ya mwisho ni ardhi yenye shaba. Hiyo tutaifikia, maana dalili zake zinafanana na njaa ya kawaida na zinawadanganya wengi.

Mbegu hazioti

Kila mti una tabia yake, na kuzitendea mbegu zote namna moja ndiyo sababu kubwa ya sashe (mifuko ya plastiki ya miche) tupu kwenye pepinyeri, yaani kitalu.

Muputu na mutondo: maganda hupasuka kwa kishindo mwishoni mwa kiangazi na kurusha mbegu mbali. Mbegu hazina usingizi; zikipata unyevu zinaota ndani ya wiki moja hadi tatu bila kuchemshwa wala kukwaruzwa. Zinaharibiwa na umri na wadudu. Kusanya maganda yaliyogeuka kahawia yangali mtini, yaweke ndani ya gunia lililofungwa, yaanike mahali pakavu yapasukie humo humo. Tupa kila mbegu yenye tundu. Panda msimu huohuo. Mbegu ya mwaka jana usiihesabu.

Musuku ni kinyume kabisa na maharagwe: mbegu yake ikikauka imekufa. Tunda likiliwa, osha nyama yote hadi mbegu isiteleze tena, panda siku hiyohiyo au ndani ya siku chache. Ukilazimika kuisafirisha, iweke kwenye maranda au mchanga wenye unyevu kidogo, kamwe si kwenye mfuko uliofungwa juani. Syzygium naye yuko hivyohivyo.

Mupapa (Afzelia quanzensis) ana mbegu nyeusi yenye kofia nyekundu. Ondoa kofia, kisha upande ulio kinyume nayo ukwaruze kwa tupa au jiwe hadi rangi hafifu ya ndani ionekane. Acha kwenye maji usiku mmoja. Mbegu iliyovimba asubuhi ipande. Isiyovimba irudie kukwaruza. Bila kazi hiyo maji hayapenyi ganda lake, na utasubiri miezi.

Musase (Albizia antunesiana): chemsha maji, yaondoe motoni, yamwagie mbegu, yaache yapoe zikiwa ndani hadi kesho yake. Usizichemshe juu ya moto.

Mulombwa (Pterocarpus angolensis) ana ganda la mviringo lenye bawa, na katikati miiba laini kama brashi. Mbegu iko humo, moja au mbili, na ganda halifunguki lenyewe. Kata ukingo kwa mkasi wa kupogolea, toa mbegu kwa uangalifu. Hata ukifanya vizuri kiasi kinachoota ni kidogo, hivyo weka mbegu tatu kwa kila sashe.

Mupundu ana kokwa gumu linaloshinda subira ya wengi. Usihangaike nalo: chini ya mti mkubwa kuna machipukizi yanayotoka kwenye mizizi. Yalinde hapohapo yalipo, yatakuwa miti.

Kina cha kupanda ni mara mbili ya unene wa mbegu. Mbegu ya mutondo iliyozikwa sentimita tano inaoza kabla haijafika juu.

Mbegu ikiota kisha shina likalainika usawa wa udongo na mche ukalala, hiyo ni kuvu mbaya inayoletwa na maji mengi na kivuli kizito. Mwagilia asubuhi tu, tenganisha sashe zipate hewa, nyunyiza mchanga safi wa mto unene wa nusu sentimita juu ya udongo. Udongo wa sashe zilizokufa usiutumie tena.

Mche unasimama urefu wa kidole na kuwa wa manjano

Hii ndiyo dalili inayowapotosha watu kuliko zote. Mche umeota vizuri, una majani manne au sita, halafu miezi miwili hausogei. Majani yanapauka. Mwenye pepinyeri anaongeza samadi, anaongeza NPK (mbolea ya dukani), na mche unazidi kupauka.

Sababu iko chini. Muputu, mutondo, mutobo, musuku, mupapa na museshi (Marquesia macroura) hawalishwi na mizizi yao peke yake. Nyuzi za kuvu hufunika ncha za mizizi na kusambaa mbali kwenye udongo kutafuta fosfori na maji. Mti nao unazilipa sukari. Ule uyoga unaouzwa kando ya barabara mvua ikishika, Cantharellus wa rangi ya machungwa, Lactarius, Russula, Amanita wengi, ni matunda ya kuvu hao. Ndiyo maana msitu ukikatwa uyoga huo unapotea kabla hata ya watu kuuliza umeenda wapi. Uyoga wa kichuguuni, Termitomyces, haumo kwenye hesabu hii: unalimwa na mchwa, hauna ushirika na mizizi, na udongo wake hautasaidia mche.

Udongo wa kiwanja cha mjini, wa shamba la mahindi la miaka mingi, au wa chini ya miembe na mikaratusi hauna kuvu hao wanaofaa. Mche uliolelewa humo ni kama mtoto asiye na mama.

Mchanganyiko unaofaa, kwa kipimo cha ndoo:

- udongo wa juu wa msituni, ndoo 3
- mchanga wa mto, ndoo 1
- mboji iliyooza kabisa, isiyo na joto wala harufu, ndoo 1
- udongo wa chini ya mti-mama, ndoo 1

Hiyo ya mwisho ndiyo dawa. Nenda kwenye mti mzima wa aina uliyopanda, sogeza majani makavu, chukua sentimita 10 za juu pamoja na vimizizi vyembamba vilivyomo. Chukua kidogo kidogo chini ya miti mitatu au minne, si shimo kubwa chini ya mmoja, maana hiyo mizizi unayoikata ni ya mti ulio hai. Weka udongo kwenye gunia kivulini, uwe na unyevu, na utumie ndani ya siku chache. Usiukaange wala kuumwagia maji ya moto. Wapo wanaochoma udongo ili kuua magonjwa. Kwa miche ya miombo wanaua na dawa.

Miche ambayo imeshadumaa haihitaji kutupwa. Kwa kijiti toboa mashimo matatu kwenye sashe, nusu ya kina chake, yajaze udongo wa mti-mama, mwagilia. Acha mbolea yote ya dukani, hasa yenye fosfati nyingi: mti ukishiba fosfori ya bure hauwaiti kuvu. Baada ya wiki nane hadi kumi toa mche mmoja, uoshe mizizi kwenye bakuli. Ncha fupi, nene, zilizovaa ala nyeupe, ya kahawia au ya manjano ni ishara kwamba ndoa imefungwa. Ncha nyembamba zilizo uchi zinasema rudia.

Mulombwa na musase hawamo kwenye orodha hiyo. Wao hutumia kuvu wa aina nyingine isiyoonekana kwa jicho, na hutengeneza vinundu vya naitrojeni mizizini. Wakipauka, kwanza tazama kama sashe inatoa maji chini.

Shina limekauka lote Julai

Using'oe. Kwaruza kwa ukucha pale shina linapoingia ardhini. Rangi ya kijani au unyevu chini ya gome ni uhai.

Miti mingi ya miombo, ikiwa michanga, huacha shina life kila kiangazi na kuchipua upya mvua zikikaribia. Kwa miaka kadhaa mche hauongezeki juu hata kidogo, huku mzizi mkuu ukizidi kunenepa na kushuka. Mulombwa ndiye maarufu zaidi kwa tabia hiyo. Siku mzizi unapokuwa na akiba ya kutosha, shina moja linapanda kwa kasi na halirudi nyuma. Anayepima mafanikio kwa urefu mwaka wa pili atang'oa shamba zima lenye afya.

La kufanya: chomeka kijiti kando ya kila mche siku ya kupanda ili uujue ulipo ukipotea, palilia kwa mkono mzunguko wa sentimita 50, na usimruhusu mfanyakazi kupita na panga kabla ya Desemba. Mulombwa usimhamishe akishapita mwaka mmoja kwenye sashe, kwa kuwa mzizi wake umekwisha jikunja. Mbegu iliyopandwa moja kwa moja mahali pake, tatu kwa shimo, mara nyingi hushinda mche wa pepinyeri.

Majani mekundu Septemba

Huo si ugonjwa. Mvua haijanyesha, ardhi ni vumbi, na muputu unatoa majani mapya ya rangi ya shaba na divai kwa maji ya akiba. Wiki chache baadaye yanakuwa kijani. Mtu akikuuzia dawa ya kunyunyiza kwa ajili ya majani hayo, mwache aende zake.

Mche ulipendeza mvua yote, ukafa Juni

Sababu ziko tatu, na unazitofautisha kwa kung'oa mmoja uliokufa.

Mzizi ukikuta umezunguka kama chemchemi ya saa chini ya sashe, mche ulikaa sana kwenye pepinyeri au sashe ilikuwa fupi. Miti ya miombo hupeleka mzizi chini haraka kabla ya kujenga shina. Tumia sashe ya kina cha sentimita 25 hadi 30, ikate chini iwe wazi, na inyanyue kila wiki tatu ili vimizizi vinavyotoka vikatike. Siku ya kupanda toa plastiki yote. Sashe iliyoachwa chini ya shimo, "mizizi itatoboa yenyewe", haitoboi.

Mzizi ukiwa umenyooka lakini mfupi, ulichelewa kupanda. Lubumbashi hupata karibu milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, nyingi kati ya Novemba na Machi. Mche uliopandwa mwishoni mwa Novemba au Desemba una miezi mitatu au minne ya kushuka. Uliopandwa Machi, eti kwa kuwa ardhi imelowa vizuri, unaingia kiangazi na mzizi wa urefu wa kiganja. Baada ya katikati ya Januari, acha miche ibaki pepinyeri hadi mwaka unaofuata. Shimo liwe sentimita 40 kila upande, udongo wa juu urudi kwanza. Nafasi ya mita 5 kwa 5 inakupa miche 400 kwa hekta, ya mita 4 kwa 4 miche 625.

Sababu ya tatu ni mti wenyewe kuwa wa kwingine. Mbegu zinaletwa kutoka misitu ya bonde la Kongo, watu wakiamini kwamba mti wa Kongo unaota popote Kongo. Kisangani iko karibu mita 400 juu ya bahari, na hakuna mwezi unaokauka kabisa. Lubumbashi iko juu ya mita 1,200, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Limbali (Gilbertiodendron dewevrei), anayejaza misitu mizima ya bonde karibu peke yake, huanza maisha kwenye kivuli chenye unyevu wa kudumu, na anataka kuvu wake wa huko. Ukimweka kwenye jua na upepo mkavu wa Kenya au Ruashi, komini za Lubumbashi, majani yanaungua kingo kuanzia Mei na mche haufiki Agosti.

Mara nyingi mti unaoutaka una ndugu hapahapa. Afrormosia ya bonde ni Pericopsis elata. Ndugu yake wa miombo ni mubanga, Pericopsis angolensis, mwenye mbao ngumu isiyoliwa haraka na mchwa. Sapelli wa bonde ni Entandrophragma cylindricum. Wa muhulu ni Entandrophragma delevoyi. Ukipewa nafasi ya kuchagua, panda ndugu wa hapa.

Majani yananyauka na ardhi imelowa

Rudi kwenye shimo lako la sentimita 60. Kijivu na kutu kabla ya kufika sentimita 40 maana yake mizizi inakosa hewa. Kumwagilia zaidi ni kumzamisha anayezama. Hamisha mstari wa kupanda upande wa juu, hadi pale madoa yanapoanza chini ya sentimita 60. Kwenye ukingo huo weka Syzygium guineense. Katikati ya dembo acha nyasi. Kuchimba mifereji ili dembo likauke upande miti ni hasara mara mbili: miti haikui, na kijito cha chini kinakosa maji Septemba. Kumbuka pia kwamba hewa baridi hukusanyika mabondeni usiku wa Julai, na machipukizi laini hugeuka meusi hata mahali ambapo udongo hauna tatizo.

Juu ya kichuguu kila kitu cha miombo kinapauka

Majani machanga ya manjano yenye mishipa ya kijani ni kukosa chuma kwa sababu ya pH ya juu. Usisawazishe kichuguu. Panda wanaokipenda: Combretum molle, Ziziphus mucronata, Markhamia obtusifolia. Na udongo wa kichuguu, unaosifiwa kwa mboga na matofali, usiuweke kwenye sashe za muputu wala musuku.

Kipande kitupu kisichoota kitu

Kama ni mviringo, na udongo umekuwa mwekundu mkali, mgumu, wenye vipande vyeusi, hapo palikuwa na tanuru la makala (mkaa). Joto liliua mbegu, mizizi na kuvu. Vunja ganda hadi sentimita 30, changanya majivu na udongo wa nje ya mviringo, mwaga ndoo mbili au tatu za udongo wa msituni wenye majani, na uache mwaka mmoja ukiota majani ya kawaida kabla ya kupanda.

Kama si mviringo, tazama kwa makini. Jiwe lenye rangi ya kijani ya malakaiti (madini ya shaba), kilima chenye nyasi fupi tu kati ya miti, au Haumaniastrum katangense mwenye maua ya zambarau aliyetanda peke yake: hiyo ni shaba. Ndani ya mji, shaba haikutoka chini bali juu. Kiwanda cha kuyeyusha kilianza kazi 1911, moshi wake ukabebwa na upepo kuelekea kaskazini-magharibi, na Penga Penga ni mahali ambapo udongo ulibaki mtupu na wenye asidi kali. Mche ukipandwa hapo hukaa wiki chache. Mizizi yake inakuwa mifupi, minene, ya kahawia, haitoi vimizizi vya pembeni. Kwa jicho unaweza kudhani ni ukosefu wa kuvu. Tofauti ni kwamba kwenye shaba hata magugu ya kawaida hayapo.

Peleka udongo kwenye maabara kabla ya kutumia fedha. Ukithibitika, kwanza funika ardhi kwa nyasi zinazovumilia: Microchloa altera imejaribiwa Penga Penga pamoja na chokaa na mboji. Chokaa hupandisha pH na kuifunga shaba, mboji nayo inaishika. Kwa mti mmoja mmoja, chimba shimo la mita moja kila upande, toa udongo wote, jaza udongo safi wenye mboji. Usipande hapo mti wa matunda, wala mboga pembeni yake. Vumbi la mahali hapo pia si la kuchezewa na watoto, na kufunika udongo kuna maana kubwa kuliko kivuli cha mti.

Visiki vinachipua kila mwaka lakini havigeuki msitu

Hapa usipande chochote. Msitu uliokatwa makala una mizizi hai chini, na machipukizi yake yanakua haraka kuliko mche wowote. Kinachovikwamisha ni moto.

Moto wa Mei au Juni, nyasi zikiwa na unyevu bado, hupita chini na haraka. Wa Septemba na Oktoba unakutana na nyasi kavu kabisa na majani mapya yaliyotoka. Unaunguza kila kichipukizi hadi ardhini. Majaribio ya Ndola, Zambia, ng'ambo tu ya mpaka, yaliyoanza miaka ya 1930, yalionyesha wazi: vipande vilivyochomwa mwishoni mwa kiangazi kila mwaka vilipoteza miti yake na kujaa nyasi, vilivyolindwa kabisa vilianza kuingiwa na miti ya kijani ya mwaka mzima.

Lima ukanda mtupu wa mita 5 kuzunguka kiwanja kabla ya mwisho wa Mei. Kama jirani wanawinda kwa moto, kubaliana nao wachome mapema nje ya ukanda wako. Ukanda peke yake hauzuii cheche za Septemba zenye upepo. Mwaka wa kwanza acha machipukizi yote ya kisiki. Mwaka wa pili au wa tatu chagua mawili au matatu yaliyotoka chini karibu na ardhi, yaliyo upande usiooza, na ukate mengine kwa msumeno au panga kali, si kwa kuyavunja. Chipukizi linaloning'inia juu ya kisiki kirefu litakatika na upepo likinenepa, ndiyo maana anayekata mti akitaka urudi anakata chini, sentimita 20 au hata pungufu. Mbuzi nao wasiingie hadi machipukizi yapite urefu wa mtu.

Musuku una miaka, hauzai

Musuku una mti dume na mti jike. Dume hutoa chavua tu. Ukipanda miwili au mitatu unaweza kupata madume matupu, na huwezi kuwatambua kabla hawajatoa maua. Panda angalau kumi, kwa mafungu. Uliopandwa kwa mbegu unaweza kupita miaka kumi kabla ya tunda la kwanza. Njia fupi ni kupandikiza: kata kikonyo cha unene wa penseli kutoka mti jike unaojulikana kwa utamu, Oktoba au Novemba kabla macho hayajafunguka, ukifunge kwenye mche wa mwaka mmoja wenye unene huohuo, kwa utepe wa plastiki ulioubana vizuri, na ufunike kwa mfuko mweupe hadi majani yatoke. Miti ya namna hiyo imezaa ikiwa na miaka mitatu au minne. Acha dume mmoja jirani. Bila yeye majike yote yatatoa maua bure.